Kiolezo cha ridhaa cha WHO: nguo ya kuazima inayohitaji fundi

Faili lenyewe ni la Word, halina urembo wowote, na halilipiwi hata senti. Kamati ya maadili ya utafiti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) imeweka kwenye tovuti ya shirika seti ya violezo vya fomu ya ridhaa, yaani fomu ya mtu kukubali kushiriki utafiti: kimoja cha majaribio ya tiba, kimoja cha utafiti wa mahojiano na vikundi vya majadiliano, kimoja cha kuhifadhi sampuli zinazobaki, na vingine vya wazazi na vya watoto wenyewe. Hapa tunavipima viwili vya kwanza, katika toleo la Kiingereza, maana ndivyo tunavyokutana navyo mara kwa mara kwenye viambatisho vya tasnifu na maombi ya vibali Afrika Mashariki. Kipimo ni kimoja: fomu ikishageuzwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti mbele ya mama aliyeketi kwenye benchi la kliniki na mtoto mgongoni, imebaki na nini?

Muundo wake ni sehemu mbili. Ya kwanza ni maelezo, ya pili ni cheti cha ridhaa, yaani ukurasa wa saini. Juu kabisa kuna nafasi ya jina la mtafiti mkuu, taasisi, mfadhili, na jina la mradi pamoja na namba ya toleo. Kisha vichwa vidogo vinafuatana: utangulizi, kusudi la utafiti, kwa nini umechaguliwa wewe, hiari, taratibu, muda, hatari, manufaa, marejesho ya gharama, usiri, namna matokeo yatakavyorudishwa, haki ya kukataa au kujitoa, na wa kuwasiliana naye. Chini ya kila kichwa kuna maelekezo kwa mwandishi, mfano wa maneno, na mahali pengi maswali ya kupima kama msikilizaji ameelewa. Mfano unaotumika kwenye kiolezo cha tiba ni wa malaria, na dawa inayojaribiwa imepewa jina la kubuni, ABX, iliyotengenezwa na Kampuni C. Yakumbuke majina hayo mawili, tutayarudia.

Sifa yake kubwa ni kwamba kimeandikwa kama mtu anavyosema. Kinaanza na "mimi ni fulani, nafanya kazi mahali fulani", kinamwambia msikilizaji si lazima aamue leo, kwamba anaweza kwenda kuongea na yeyote anayemwamini, na kwamba akikwama katikati amsimamishe msomaji amuulize. Fomu nyingi zinazotungwa na wanasheria au na kampuni za dawa hazina pumzi hiyo. Zinamwita mtu "mhusika aliyetajwa hapo juu" na kumfungia kwenye sentensi ya mistari sita. Kiolezo hiki kinamwita mshiriki, nacho kilifanya hivyo kabla Azimio la Helsinki, mwongozo wa chama cha madaktari duniani kuhusu utafiti kwa binadamu, halijaliacha neno lililomfanya mtu aonekane kitu cha kufanyiwa, hatua iliyokuja kwenye marekebisho ya 2024.

Kwenye damu ndipo kinapong'ara, na ndipo kinapoharibiwa zaidi. Hakitaji mililita. Kinamwelekeza mtafiti ashike kijiko au kichupa chenye maji kidogo, aonyeshe, kisha aseme jumla itakayochukuliwa kwa wiki au miezi yote ya utafiti. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15. Itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, ikiwa na mahudhurio manne ya mililita 5 kila moja, jumla ni 20, sawa na vijiko vinne vya chai. Wengi huandika "kijiko kimoja kila hudhurio" na kuiacha jumla, kisha hudhurio la tatu mshiriki anaanza kunong'ona na jirani zake kwamba damu inachukuliwa tena na tena. Pwani na bara, hadithi za mumiani ni za zamani kuliko uhuru wetu. Mahali fomu inaponyamaza, hadithi hiyo ndiyo inayoongea. Kwa hiyo andika kijiko cha aina gani, kibebe mfukoni, na utaje damu inakwenda wapi: maabara ipi, mji upi, na kama inavuka mpaka, nchi gani.

Halafu kuna sentensi moja ya mfano inayosema damu itakayobaki itaharibiwa utafiti ukiisha. Ni sentensi nzuri, na ni hatari. Mradi ukikusudia kuhifadhi sampuli kwa ajili ya vipimo vya baadaye, sentensi hiyo ikibaki inakuwa ahadi ya uongo yenye saini yako chini yake. Uhifadhi una kiolezo chake peke yake, na mshiriki anatakiwa aweze kukubali utafiti huku akikataa kuhifadhiwa damu. Asiyetaka kushughulika na fomu mbili apunguze sampuli, asipunguze fomu.

Maneno yanayogeuka mdomoni

Kamati ya kitaifa ya maadili iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), Tanzania Bara, hutaka fomu iwe ya Kiingereza na ya Kiswahili pia. Zanzibar ina kamati yake. Kenya kila pendekezo hupitia kamati ya maadili iliyosajiliwa, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ni kitu kingine kabisa, haichukui nafasi ya kibali cha maadili. Popote utakapopeleka, kiolezo cha WHO kitafika kikiwa kimetafsiriwa, na hapo ndipo nguo ya kuazima inapoanza kubana.

Anza na neno "uchunguzi". Watafsiri hulipenda kwa sababu linasikika la kawaida kuliko "utafiti". Lakini hospitalini uchunguzi ni kupimwa ili utibiwe, na mtaani uchunguzi ni wa polisi. Mgonjwa akiambiwa "tunakualika kwenye uchunguzi wa dawa mpya" anasikia kwamba daktari ameamua kumpima zaidi kwa faida yake. Andika "utafiti", kisha ongeza sentensi ambayo kiolezo hakina kwa uwazi wa kutosha: "Hii si sehemu ya matibabu yako ya kila siku. Tunafanya hivi ili tujifunze jambo ambalo bado hatulijui." Na kama mtafiti ni daktari wa falsafa na si wa tiba, ajitambulishe kwa jina na kazi. Akijiita "Daktari fulani" ndani ya kituo cha afya ameshapotosha kabla ya aya ya pili.

Kidonge kisicho na dawa ndani yake kimekuwa kikiitwa "dawa bandia" kwenye fomu kadha wa kadha. Dawa bandia ni ile inayokamatwa madukani na mamlaka ya dawa. Ni kosa la jinai. Hakuna neno moja la Kiswahili linalotosha hapa, na wala halihitajiki. Sema: "Baadhi ya washiriki watapewa kidonge kinachofanana na hiki kwa rangi na umbo, lakini ndani yake hakina dawa. Wewe hutajua umepewa kipi, na mimi ninayekupa pia sitajua." Kama kuna tiba inayofahamika ambayo wote wataendelea kuipata, itaje hapo hapo, si ukurasa unaofuata.

Upangaji wa makundi ni mtihani mwingine. Kiolezo kinashauri mfano wa kurusha sarafu, na Kiswahili kinao tayari: kurusha shilingi. Tabu ni kwamba shilingi ikirushwa kuna anayeshinda. "Bahati nasibu" ni mbaya zaidi, kwa kuwa ina zawadi, na kwa Waislamu wengi ina harufu ya kamari. Msikilizaji anaondoka akiamini kundi la dawa mpya ndilo lililoshinda, wakati utafiti mzima upo kwa sababu hakuna anayejua lipi ni bora. Maneno yanayofanya kazi ni haya: "Kompyuta ndiyo itakayopanga nani aingie kundi gani. Si mimi, si muuguzi, si wewe. Haitaangalia jina lako wala ugonjwa wako. Na hatujui kundi lipi litapata nafuu zaidi. Tungejua, tusingefanya utafiti."

"Madhara" ni neno linalobeba mizigo miwili. Kiolezo kinatenga sehemu ya matokeo ya dawa yasiyokusudiwa na sehemu ya hatari za kushiriki. Tafsiri nyingi huandika madhara kote kuwili, na fomu inasomeka kama orodha ya maafa. Kwa ya kwanza taja vitu vyenyewe: kichefuchefu, kizunguzungu, ngozi kuwasha, huwapata wangapi, huisha lini, ufanye nini yakikupata. Kwa ya pili eleza hatari ikiwa ni pamoja na zile zisizo za mwili, kama vile kuonekana ukiingia kliniki ya kifua kikuu au jirani kujua ulihojiwa kuhusu ndoa yako. Mtu akiumia kwa sababu ya utafiti, mwongozo wa 14 wa CIOMS (baraza la mashirika ya kimataifa ya sayansi za tiba) wa 2016 unadai atibiwe na afidiwe. Andika nani atalipa na hospitali gani atakwenda. "Utapatiwa msaada stahiki" haina maana yoyote saa nane usiku.

Kisha "usiri". Fomu inayosema "utafiti huu ni wa siri" inamfunga mdomo mtu asiyestahili kufungwa. Kuna wanawake huondoka wakidhani wamekatazwa kuwaambia waume zao, na siku mume akigundua, balaa linakuwa la nyumba yao. Siri inamfunga mtafiti, haimfungi mshiriki, na fomu iseme hivyo kwa maneno hayo hayo: "Mimi sitamwambia mtu. Wewe uko huru kumwambia umtakaye."

Na "ridhaa" yenyewe? Ni neno zuri, ndugu wa radhi, na wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa hawalistaajabii. Kwenye kichwa cha fomu libaki. Ndani ya maelezo, "kukubali" linatosha, na kwa fomu itakayosomwa Goma, Bukavu au Lubumbashi ni bora kulitumia hilo kuanzia mwanzo, la sivyo fomu itasikika kama kitabu cha sala. Vivyo hivyo "unaweza kukataa": kwa masikio mengi "unaweza" ni uwezo wa mwili. "Una haki ya kukataa, na ukikataa, huduma unazopata hapa hazitabadilika hata kidogo" haina pa kupotoka.

Kosa dogo linaloangusha mahudhurio mengi ni saa. Itifaki imeandikwa 9:00, mtafsiri anaandika "saa 9:00 asubuhi" au, akiwa na haraka, "saa 9". Mshiriki anakuja saa tisa, yaani alasiri, kliniki imefungwa, na kwenye daftari anaandikwa mtoro. Andika "saa 3 asubuhi", na kwenye nakala ya ofisi weka 9:00 pembeni.

Watafiti wengi hujilinda kwa kumpa mtafsiri wa pili fomu ya Kiswahili airudishe Kiingereza, kisha wanalinganisha. Hatua hiyo ni ya lazima kwenye kamati nyingi lakini ina tundu kubwa. Mtafsiri wa pili aliyesoma sayansi akiona "madhara" atarudisha neno lile lile la kitaalamu lililokuwepo mwanzo, akiona "bahati nasibu" atarudisha upangaji wa kinasibu, na jedwali la ulinganifu litaonyesha kila kitu kiko sawa. Lilichopima ni masikio ya wasomi wawili. Mtafsiri wa kurudisha awe hajaiona itifaki, na baada yake fomu isomwe kwa watu sita au wanane wanaofanana na washiriki, kila mmoja peke yake, aeleze alichosikia. Kilifi, pwani ya Kenya, ambako taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na shirika la hisani la Wellcome wamefanya utafiti kwa miongo, wamechapisha namna walivyorekebisha violezo vyao kwa kushauriana na wananchi wenyewe, na yeyote anayeandika fomu ya Kiswahili atafaidika zaidi kwa kuzisoma kazi hizo kuliko kwa kubadilisha kamusi.

Maswali ya kupima uelewa ndiyo sehemu ya kiolezo tunayoipa alama ya chini kabisa, ingawa wazo lake ndilo bora kuliko yote. Mengi yameulizwa kwa mtindo wa "je, unajua kwamba si lazima ushiriki?" Kwa adabu yetu jibu la swali hilo ni moja tu: ndiyo, nimeelewa, asante mwanangu. Mtu mzima hatamwaibisha mgeni aliyemsomea kurasa tano. Geuza swali liombe maelezo: "Mama, ukirudi nyumbani wakakuuliza ulikuwa unaambiwa nini pale kliniki, utawaambiaje?" Kisha: "Ukichoka katikati, utafanyaje?" na "Hii dawa, tunajua kwamba inatibu?" Matatu hayo yanatosha. Akikosea, kosa ni la msomaji: sehemu hiyo irudiwe kwa maneno mengine, na irekodiwe kwamba ilirudiwa.

Adabu yenyewe kiolezo hakiijui, wala hatukilaumu. Kinaingia moja kwa moja na "mimi ni fulani". Kwenye karatasi acha hivyo. Kwenye mkeka, shikamoo kwanza, habari za nyumbani, kisha ndipo jina na kazi. Msaidizi kijana anayemsomea mzee fomu kwa "wewe utachukuliwa damu" amepoteza ridhaa kabla hajaiomba. "Mzee, tunaomba kukuchukua damu" ni maana ile ile na ni mlango mwingine.

Kiolezo cha mahojiano: kufuli bila simu

Cha pili, cha mahojiano na vikundi, kina ukweli mmoja ambao fomu nyingi huukwepa. Kinasema wazi kwamba mtafiti atawaomba wanakikundi wasiyatoe nje yaliyosemwa, lakini hawezi kuwazuia. Usiiguse aya hiyo. Anayeahidi usiri kamili kwa watu wanane waliokaa duara moja, ambao kesho watakutana kisimani, anaahidi kisicho chake.

Upungufu wake ni umri. Ulinzi wa taarifa unaelezwa kwa namba badala ya jina, na kwa kufuli na ufunguo. Leo data ziko kwenye tableti, kwenye programu ya kukusanyia data kama KoboToolbox, kwenye simu ya msaidizi ambayo pia ina WhatsApp ya familia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hakuna ya kufuli hata moja. Ongeza mistari minne: sauti itarekodiwa na kifaa gani, nani ataisikiliza, itafutwa lini, na maandishi yasiyo na majina yatahifadhiwa kwenye hifadhi ya wazi au la. Kurekodiwa sauti kuwe na kisanduku chake cha kukubali au kukataa, tofauti na kushiriki. Wapo wanaotaka kuongea bila kurekodiwa, na hiyo ni haki, si usumbufu.

Nauli nayo inavujisha. Mfano wa kiolezo cha tiba unazungumzia kulipia usafiri, hadi gharama za kuegesha gari, jambo ambalo tumelikuta limetafsiriwa neno kwa neno kwenye fomu ya watu wanaokuja kwa miguu. Hilo ni la kuchekesha tu. Lisilochekesha ni sentensi inayofuata, kwamba hakutakuwa na fedha wala zawadi nyingine. Timu inaiacha, kisha siku ya mwisho inagawa sabuni, sukari na khanga. Ama futa sentensi, ama acha sabuni dukani. Na ukilipa kwa M-Pesa, majina yanaonekana pande zote mbili na kumbukumbu inabaki kwenye simu ambayo pengine ni ya mume. Kwa utafiti wa ukatili wa nyumbani au VVU, fedha taslimu kwenye bahasha isiyo na nembo, na daftari la malipo lenye namba za washiriki, vinalinda zaidi.

Ukurasa wa saini

Cheti cha ridhaa kimepangwa vizuri: tamko fupi, jina, saini, tarehe, chini yake sehemu ya asiyejua kusoma, yenye nafasi ya dole gumba na ya shahidi anayejua kusoma, mwisho tamko la aliyechukua ridhaa, linalotaja pia kwamba mshiriki amepewa nakala. Shahidi, kinasema kiolezo, ikiwezekana achaguliwe na mshiriki mwenyewe na asiwe na uhusiano na timu ya utafiti.

Kinachokosekana ni neno moja kuhusu mamlaka. Mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa nyumba kumi, chifu au msaidizi wake hana uhusiano na timu, anajua kusoma, yuko karibu, na ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuwa shahidi, maana mbele yake nani atasema hapana? Ruhusa ya kiongozi kuingia kijijini ni adabu na mara nyingi ni lazima. Haihesabiki kama ridhaa ya hata mkazi mmoja. Shahidi mwema ni binti wa mshiriki, jirani, au mgonjwa mwingine kwenye foleni, na awepo tangu neno la kwanza la maelezo, asiitwe mwishoni kuja kutia saini.

Na hapa ndipo maadili ya kumtendea mtu yanapokutana na uaminifu wa kitaaluma. Mkaguzi akifungua boksi la fomu hahitaji saa nzima. Anaangalia mwandiko: saini hamsini zenye mkunjo mmoja. Anaangalia kalamu: jina, saini na tarehe za watu kumi kwa wino mmoja na mgandamizo mmoja, maana yake zilijazwa mezani jioni. Anaangalia tarehe ya ridhaa na tarehe ya sampuli. Damu ikitangulia fomu, hata kwa siku moja, hakuna ridhaa. Analinganisha saa: fomu ya kurasa tano yenye maneno 1,500, kwa mwendo wa maneno 100 kwa dakika, haisomwi chini ya robo saa, sasa msaidizi aliyeandikisha watu kumi ndani ya saa moja alisoma nini? Anaangalia dole gumba zinazofanana. Anaangalia namba ya toleo chini ya ukurasa kama ndilo lililogongwa muhuri na kamati. Na anahesabu nakala: zikiwa zimechapishwa 200 kwa washiriki 200, basi hakuna aliyepewa ya kwenda nayo nyumbani, ingawa tamko linasema alipewa.

Saini iliyobuniwa ni data iliyobuniwa. Haijalishi kwamba mtu alihojiwa kweli na majibu ni ya kweli. Chanzo chake kwa kawaida si uovu mkubwa: msaidizi analipwa kwa kila dodoso, lengo ni kumi kwa siku, fomu ni ndefu, jua ni kali. Mlipe kwa siku badala ya idadi, na sehemu ya matatizo hayo huondoka bila semina yoyote. Fomu iliyoharibika haitupwi wala kuandikwa upya kwa tarehe ya nyuma. Inaripotiwa kwa kamati kama mkengeuko wa itifaki, na mshiriki anafuatwa aulizwe upya kama anakubali data zake zitumike.

Kunakili kiolezo chenyewe si wizi wa kitaaluma. Kiliwekwa ili kinakiliwe. Udanganyifu uko kwingine. Tasnifu inaambatisha fomu safi ya Kiingereza kana kwamba ndiyo iliyotumika, wakati washiriki waliombwa kwa mdomo, kwa Kihehe au Kigiriama, na msaidizi aliyekuwa akitafsiri papo hapo. Ridhaa ya mdomo inakubalika kamati ikiiridhia kabla, na ikiwa na maandishi ya kinachosemwa na shahidi aliyeandika. Kilichofanyika ndicho kiambatishwe. Sura ya mbinu ikisema "washiriki wote walisaini" na nusu waliweka dole, andika waliweka dole.

Kwa majaribio ya dawa na chanjo tunakipa kiolezo nne kati ya tano. Kwa mahojiano, tatu, na alama moja tunaiondoa kwa sababu ya simu na data. Kwa dodoso la dakika kumi lisilo na majina, kuhusu bei ya mahindi kwa mfano, ni shuka la kitanda kwa kichanga: ukurasa mmoja wenye nani, nini, muda gani, haki ya kukataa na namba mbili za simu unatosha. Namba hizo ziwe ya mtafiti na ya kamati, na zote zipigwe kabla ya kuchapisha. Namba ya ofisi iliyohamia Dodoma ikiwa bado ni ya Dar es Salaam haimsaidii mtu. Na kama kamati yako ina kiolezo chake, tumia chake, huku hiki cha WHO ukikiweka pembeni kwa ajili ya lugha.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji, fungua faili, bonyeza kitufe cha kutafuta, andika ABX. Kisha "Kampuni C". Kisha mabano ya mraba. Kisha nukta nyingi zinazofuatana, zile za kujaza. Fomu za malezi ya watoto zimeshawahi kufika kwenye kamati zikimwahidi mama kwamba dawa ya malaria anayopewa imetengenezwa na Kampuni C.